Mafuta Yameshuka

Jumapili, 4 Februari

Baba Chiriku wangu,

Salamu zitangulie, shida zifuate nyuma taratibu. Usishangae kupata barua wakati jana tu tumeongea. Kwenye simu mwanao anabandika sikio lake karibu na langu, hakuna kinachompita, na unamjua akidaka neno mtaa mzima utalipata kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo mambo ya wakubwa nitayaandika, nitampa Mzee Honi akija na lori lake kuchukua alizeti ya kiwandani kwenu. Nawe mpe majibu akirudi.

Vipimo vya damu vimetoka. Daktari alinichorea ini kwenye karatasi, akachora na vijia vinavyotoa nyongo kwenye ini kuipeleka tumboni. Akasema vya mwanetu ni vichache na vyembamba, nyongo haipiti vizuri. Ndiyo manjano ya macho yake, ndiyo choo cheupe, ndiyo kuwashwa kusikokoma. Nikamwonyesha na vile vivimbe vya viwiko na vya kwenye mikunjo ya viganja, ambavyo mimi nilidhani ni sugu za kuparamia ukuta wa shule. Akasema ni mafuta. Kolesteroli ya mtoto iko juu sana. Alipotaja namba nilimuuliza kama hakuchanganya na ya mtu mwingine. Alisema mengi baada ya hapo, mume wangu, lakini mimi nilikuwa nimeshabaki kwenye neno mafuta.

Ametoa dawa ya unga ya kukoroga kwenye maji, ipunguze kuwashwa, na matone ya vitamini ambayo duka la dawa hawana, wananiambia nipite tena mwezi ujao. Yeye mwenyewe anakwenda masomoni, atarudi katikati ya mwaka.

Nimemweleza jirani yetu mshonaji. Akaacha cherehani, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Pipa limejaa, na wewe bado unamimina?" Nikaona kweli. Kuanzia leo mafuta hayaingii jikoni kwangu. Lile debe mnalopewa mwisho wa mwezi usitume tena.

Halafu kuna la kukuchekesha. Mwimo wa kushoto wa mlango wa chumba cha ndani, Chiriku ameufanya mkunaji wake. Anauegemeza mgongo, anapanda anashuka, macho ameyafumba. Juzi nikauangalia vizuri, nikaona juu zaidi, usawa wa mabega yangu, mbao imelainika mpaka inang'aa, imebonyea kidogo kama kiti kilichokaliwa miaka. Nyie mlikuwa mnafuga ng'ombe ndani ya nyumba? Mama mkwe sikubahatika kumkuta, ningemuuliza mwenyewe.

Ndimi mkeo,
Mama Chiriku

Jumatano, 14 Februari

Mama Chiriku,

Barua nimeipata, ina harufu ya dizeli kama mleta barua.

Debe nimewaachia wenzangu. Tangu nisome nimekuwa naitazama mikono yangu. Kila nilipokuja nyumbani nilimnyanyua mtoto kabla sijanawa vizuri, naye alikuwa akininusa shingoni na kusema nanuka chapa ya kiwanda. Nimewaza labda yalipita huko. Msimamizi wangu amecheka, anasema ingekuwa hivyo yeye angeshakuwa mshumaa. Hata hivyo sasa nanawa kwa sabuni ya unga.

Mwimo ule ni wa mbao nzuri. Mbao nzuri hujilainisha yenyewe kadiri nyumba inavyozeeka. Hakuna zaidi.

Lakini nakuomba uhamishe kitanda cha mtoto, alale chumba cha mbele. Na huo mwimo uufunge kwa kitambaa. Anajikuna hapo wakati gani hasa? Ni jioni?

Baba Chiriku

Jumamosi, 13 Aprili

Baba Chiriku wangu,

Hujambo? Sisi tunajivuta. Nimekawia kuandika kwa sababu Mzee Honi alikuwa gereji, na kwa sababu nilitaka niwe na habari nzuri ya kuanzia. Nzuri ni kwamba nimekuwa jasiri kuliko nilivyojijua. Nimeondoa mafuta, nikaondoa karanga, nikaondoa parachichi, kiini cha yai na malai ya maziwa. Maharage nayachemsha na chumvi basi. Jirani mshonaji amefurahi, anasema angejua mapema kwamba najua kukata hivi angeniajiri.

Chiriku alipigania haki zake mwanzoni. Siku jirani alipokuwa anakaanga, aliniuliza, "Mama, hata harufu?" Nikamwambia harufu ruhusa. Akaenda akasimama dirishani kwa watu, akavuta pumzi mpaka wakamhurumia. Siku hizi hapigani sana. Amepungua, shingo imekuwa ndefu, lakini najiambia ndiyo yale mafuta yanatoka.

Uliuliza kama ni jioni. Ni jioni. Ulijuaje?

Kitanda nilikihamisha siku ileile, kitambaa nikafunga. Anakifungua. Na kuna jambo ambalo niliandika nikalikata, sasa naliandika tena. Giza likianza kuingia, kabla sijawasha taa, anasimama katikati ya nyumba na kuniuliza ni nani yule kasimama mlangoni. Namwambia hakuna mtu. Ananyoosha mikono mbele, anakwenda mpaka anaugonga mwimo kwa bega, anaupapasa, halafu anageuka na kuanza kujikuna. Juzi alisema, "Ni yule mama mrefu. Amenipisha."

Nimecheka mbele yake. Nilipoingia jikoni sikucheka. Wewe ulishawahi kumsimulia habari za bibi yake? Mimi sijawahi, maana sina cha kusimulia zaidi ya kwamba alifariki kwa moyo.

Mkeo

Alhamisi, 18 Aprili

Mama Chiriku,

Sijamsimulia kitu. Ni mtoto, watoto huona mambo. Washa taa mapema.

Usimuulize huyo mtu anafananaje. Nakuomba sana hilo.

Nataka unitazamie kitu kimoja. Kope zake. Zikoje? Ziko safi au kuna kitu kimeota, cha manjano, upande wa puani? Nijibu hilo kwanza kabla ya salamu.

Nimempa Mzee Honi kitambaa kizito cha turubai. Fungia mwimo na misumari.

Baba Chiriku

Jumanne, 11 Juni

Baba Chiriku wangu, roho yangu,

Kope ziko safi. Sasa kaa chini, au kama umesimama karibu na mashine sogea pembeni kwanza.

Mafuta yameshuka.

Leo nimetoka kuchukua majibu. Kijana wa maabara alilinganisha na yale ya Februari, akasema kolesteroli imeporomoka, sasa iko karibu sawa na ya mtu mzima wa afya. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena polepole kwa ajili ya baba yake, akarudia anacheka. Njia nzima nilikuwa natembea kama bibi harusi. Nikapita kwa mshonaji, naye akasimama pale pale na utepe wake shingoni, akatangaza kwa wateja kwamba dawa ni yeye. Sikumbishia. Leo hata angesema yeye ndiye aliyeleta mvua ningemkubalia.

Miezi yote hii nilipomnyima mtoto kijiko, alipolia, niligeuza uso nikajiambia yatashuka. Yameshuka, mume wangu. Mimi niliyeishia darasa la saba nimeyashusha kwa sufuria langu mwenyewe.

Ana uchovu kidogo, analala sana mchana. Lakini tumbo lake sasa limeanza kujaa, limekuwa duara kama la mtoto aliyeshiba, na mimi nimefurahi maana nilichoka kuona mbavu. Akijigonga kidogo anavilia damu, ngozi imekuwa laini mno. Hiyo itapita.

Daktari anarudi mwezi ujao. Nina hamu aone.

Mkeo mwenye furaha,
Mama Chiriku

Jumatatu, 17 Juni

Mke wangu,

Nimesoma barua yako kwa sauti kwenye chumba cha mapumziko. Wenzangu wamenibeba. Msimamizi amesema nikushike mkono kwa niaba yake, na kwamba mwanamke kama wewe akihamia huku kiwanda kitafungwa kwa kukosa wateja.

Nimelala vizuri. Sijui kama umewahi kulala usiku mzima bila kuusikia ule mkuno. Mimi nilikuwa nimesahau inavyokuwa.

Mwambie Chiriku baba anakuja sikukuu za mwisho wa mwaka, na atakuja amenawa.

Baba Chiriku

Ijumaa, 12 Julai

Baba Chiriku,

Daktari amerudi.

Niliingia kwake natabasamu. Nilimwekea majibu mezani kama mtu anayeweka keki. Akayasoma, akamlaza Chiriku, akambonyeza tumbo, akamwangalia michubuko ya miguuni, akamtaka aifuate tochi kwa macho. Hakutabasamu. Akanivutia kiti kwa mkono wake mwenyewe, nami nikajua, kwa sababu daktari huwa hakuvutii kiti kwa habari njema.

Nitakuandikia alivyonieleza, na safari hii nilimsimamisha kila nilipopotea. Mafuta yale ya kwenye damu hayakutoka kwenye sufuria langu wala kwenye mikono yako. Ini lenyewe huyatengeneza, na ini lenyewe huyatupa nje kwa njia ya nyongo. Njia zikiwa finyu yanashindwa kutoka, yanarudi kujaa kwenye damu. Sasa, yakishuka kwa kuwa njia zimefunguka, hapo ni furaha. Njia za Chiriku hazijafunguka. Yameshuka kwa sababu ini limechoka, halina tena nguvu ya kuyatengeneza. Akasema tumbo lile si shibe. Ni maji.

Kumbe siku ile nilipokuwa nacheza njiani, ini la mwanangu ndilo lilikuwa linazima.

Akaniuliza ni nani aliyenishauri kumnyima mafuta. Sikumtaja jirani. Nilisema ni mimi. Akasema kunyima hakukulichosha ini, lingechoka tu, lakini mtoto wa namna hii anahitaji mafuta kuliko wengine, maana bila nyongo anayapata kidogo sana katika anachokula. Yeye alishaniambia hivyo Februari. Nilikuwa sisikii. Na vitamini hupanda mgongoni mwa mafuta. Ndiyo damu inavilia hovyo, ndiyo jioni macho yake yanaingiwa giza kabla ya yetu. Haoni mtu mlangoni. Anaona mwimo, hautambui.

Niliposikia hivyo nilishukuru kwa nukta moja. Halafu akauliza kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kuwa na manjano, na kuwashwa, na vivimbe vya mafuta kwenye kope. Nikajibu hakuna. Nikiwa bado nasema hakuna, nikakumbuka barua yako.

Mimi sikukuandikia habari za kope. Vivimbe vya mwanetu viko viwikoni na viganjani. Wewe ndiye uliyeuliza kope, na ukataja mpaka upande. Na ukaandika "ule mkuno" kama kitu tunachokifahamu wote wawili, wakati wewe hujalala nyumba hii tangu mtoto aanze kujikuna.

Jioni hii nimeng'oa turubai lako. Nimesimama nimeegemea mwimo, mabega yangu yakaingia kwenye ile sehemu iliyobonyea, yakatulia kama yalitengenezewa.

Mume wangu, mama yako alikufa kwa nini?

Tunahamishiwa hospitali kubwa. Nimemwachia mshonaji ufunguo. Nijibu mapema.

Mama Chiriku

Jumapili, 21 Julai
Nyumbani

Mke wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikapanda lori siku hiyohiyo. Nimekuta nyumba imefungwa. Mshonaji amenipa ufunguo bila kunitazama. Alikuwa analia juu ya kitambaa cha mteja. Kesho Mzee Honi anapita barabara ya hospitali, atakuletea hii.

Mama hakufa kwa moyo. Alikuwa wa manjano miaka mingi, ikawa ndiyo rangi yake. Kwenye kope, upande wa puani, alikuwa na vipande vya manjano kama punje za mahindi zilizobandikwa. Sisi watoto tulidhani ni urembo. Dada yangu alijibandika za udongo afanane naye. Halafu kuwashwa kukaja. Mchana alijizuia kwa sababu ya watu. Wageni wakishaondoka, jioni, alikwenda kwenye ule mwimo. Sisi tulikuwa tunalala chumba cha ndani, mlango uko pale. Sauti yake ni kama fundi anapiga randa polepole, hamalizi ubao.

Baba alituambia tuseme moyo. Moyo hauulizwi maswali, na dada zangu walikuwa hawajaolewa. Tumesema moyo mpaka nikaja kukuoa na neno hilo mdomoni, limeshakuwa ukweli. Nilichukua kazi ya kiwandani kwa kuwa mashine zina kelele.

Ulipoandika kuhusu mwimo nilijua. Ningesema pale, labda daktari angeambiwa mapema. Labda isingebadilisha kitu. Sijui. Ulipoandika mafuta yameshuka nilisema basi, si ule wa mama, ni ugonjwa mwingine, amepona.

Sasa nikwambie la leo. Jioni nilikaa mlangoni mwa chumba cha ndani nikila mkate wa mshonaji. Sikuwasha taa. Nikausikia. Ule ule, polepole. Nikachukua tochi nikazunguka nyumba nzima, hakuna mtu. Nikarudi nikakaa. Ukaanza tena. Nikatulia, nikasikiliza vizuri unatoka wapi.

Ni mgongo wangu, mke wangu. Nilikuwa nimeegemea mwimo, najikuna. Sikujua kama nawashwa. Nimejaribu kukumbuka nilianza lini, nashindwa.

Nimeazima nondo na shoka kwa fundi wa kona. Neno lako likifika tu, nang'oa mwimo huu, naupasua, nauchoma.

Baba Chiriku

Jumatano, 24 Julai
Hospitali, wodi ya watoto

Mume wangu,

Rudisha nondo na shoka vya watu.

Naandika juu ya sinia la chakula, Chiriku amelala, mguu wake uko juu ya mapaja yangu. Nimekasirika nawe, usidhani sijakasirika. Nitakukasirikia vizuri tukishatoka hapa, nimekuwekea. Lakini na mimi nilimnyima mtoto kijiko nikajisifu, kwa hiyo sina mahali pa juu pa kukusemea.

Sikiliza. Nimewaeleza habari za mama. Wanasema ugonjwa huu hurithiwa, mmoja humkalia kidogo tu akaishi nao, mwingine humkalia vibaya tangu mdogo. Daktari wa hapa ana maneno machache lakini hajifichi. Amesema kinachobaki ni kipande cha ini la mtu mwingine, na kwamba la upande wako haliwezi. Wamenipima mimi. Nafaa. Watakata kipande changu, na wanasema kilichobaki kwangu kitaota tena, na kwake kitakua naye. Wanatuingiza Ijumaa asubuhi. Nilimuuliza kama atapona. Akasema, "Wengi hupona. Siwezi kukuahidi wako." Nikampenda kwa jibu hilo.

Nilimwambia Chiriku atapewa kipande cha mama. Akafikiri, akauliza, "Kipande kipi? Sio kile kinachofoka?" Muuguzi alitoka nje kucheka.

Hapa wanampa mafuta. Ni mafuta mepesi ya hospitali, yasiyosubiri nyongo, wanayachanganya kwenye uji. Siku ya kwanza alichungulia bakuli, akaniuliza, "Mama, leo yenyewe?" Nikamwambia leo yenyewe. Alilamba kijiko mbele na nyuma. Nikaenda msalani nikafungua bomba ili nisisikike.

Nilimuuliza na lile ulilonikataza. Huyo mama mrefu anafananaje. Akasema uso wake hajawahi kuuona, huwa ni giza. Anamsikia tu anavyojikuna, halafu ananyamaza ili ampishe. Daktari amenieleza macho ya mtoto na nimeelewa. Masikio hakuyaeleza, nami sikumuuliza.

Lakini simwogopi tena, mume wangu. Nilipoegemea pale nilielewa kitu. Alisimama jioni zote hizo peke yake ili nyie msimwone, na hakuna aliyemshika mgongo. Mimi ningemkuna.

Kwa hiyo mwimo usiuguse. Alama ya mama iko usawa wa mabega yangu. Ya Chiriku iko chini, usawa wa nyonga zangu. Katikati mbao bado inakwaruza, haijaguswa na mgongo wa mtu. Ndiyo sehemu ninayoitaka. Arudi, akue, aipite hiyo sehemu mwaka kwa mwaka, ibaki inakwaruza vilevile.

Wewe panda na Mzee Honi leo hii, usisubiri kesho. Wanataka damu yako, uanze kutazamwa mapema, isiwe kama mama yako. Nataka Ijumaa tukiingizwa uso wa mwisho tunaouona uwe wako, na tukitolewa uwe wa kwanza. Usinawe sana. Anauliza ile chapa ya kiwanda.

Na siku mwanetu atakapofika usawa wa alama ya bibi yake, jioni, tutamsimamisha hapo, mgongo kwenye mbao. Hatutawasha taa. Tutanyamaza wote, tusikilize nyumba isiyo na mkuno.

Mkeo,
Mama Chiriku